Kiyoyozi Kinapopuliza Hewa Hafifu: Maelezo kwa Wakaazi wa Bukoba na Muleba

Wananchi wenye viyoyozi majumbani katika Manispaa ya Bukoba na katika wilaya za Bukoba na Muleba wanafahamishwa kwamba kiyoyozi kinachopuliza hewa hafifu, mara nyingi, hakikupungukiwa na gesi. Njia yake ya hewa imeziba. Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani si ajabu kuona mwenye nyumba akimwita fundi, fundi akaongeza gesi bila ya kupima, malipo yakatolewa, na baada ya wiki chache hewa ikawa hafifu kama ilivyokuwa. Fedha imekwenda, na kizuizi kimebaki pale pale.

Huenda msomaji akauliza kiyoyozi kina kazi gani Bukoba. Mji huo uko ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la kulinganishwa na la Dar es Salaam au Tanga. Swali hilo ni la haki. Katika miinuko ya Muleba, kama vile Kamachumu, nyumba iliyojengwa vizuri haihitaji mashine ya kupoza hata kidogo. Msonge wa Wahaya wa zamani, ulioezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, ulipitisha hewa na moshi polepole katika nyasi zake, na ndani mlikuwa na ubaridi mchana wa jua kali. Nyumba za siku hizi ni za matofali na mabati, madirisha yake ni ya vioo, na hufungwa mapema jioni kwa kuogopa mbu. Zaidi ya hayo mvua ya Bukoba, ambayo kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, huleta unyevu unaoota ukungu kwenye nguo, vitabu na kuta. Ndiyo sababu viyoyozi vimeingia, na wengi hawavitumii kwa ajili ya ubaridi peke yake bali kwa kukausha hewa.

Kwanza inafaa ifahamike namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani kina sehemu mbili. Sehemu ya ndani huvuta hewa ya chumba kupitia chujio, huipitisha juu ya mabomba yaliyopoa yenye vibati vyembamba vya aluminiamu, kisha feni ndefu yenye umbo la mwanzi huisukuma kurudi chumbani. Sehemu ya nje, yenye kompresa na feni kubwa, hutupa nje joto lililotolewa chumbani. Gesi huzunguka ndani ya mabomba baina ya sehemu hizo mbili, nayo haichomwi wala haitumiki ikaisha, kama yanavyoisha mafuta ya taa katika kandili. Ikipungua, ni kwa sababu imevuja mahali.

Kutokana na maelezo hayo mwananchi anaweza kutenganisha malalamiko mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni hewa kutoka kwa nguvu bila ya ubaridi. Hapo shaka ielekezwe sehemu ya nje au kwenye gesi. La pili ni hewa kutoka kwa unyonge, hata kama ni baridi. Hapo shaka ielekezwe sehemu ya ndani, yaani chujio, mabomba yenye vibati na feni. Feni ya nje, hata ikisimama kabisa, haipunguzi nguvu ya hewa inayotoka ndani, bali huondoa ubaridi wake. Mwenye nyumba akiweza kumweleza fundi ni lipi kati ya hayo mawili linalomsibu, nusu ya kazi imekwisha kufanyika.

Wadudu wa ziwani na vumbi jekundu

Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni chujio. Kipimo chake ni chepesi. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kifuniko hufunguliwa na chujio huvutwa nje, kisha mashine huwashwa kwa dakika moja au mbili bila ya chujio. Hewa ikitoka kwa nguvu kuliko awali, mkosaji amepatikana. Mashine isiachwe kufanya kazi kwa muda mrefu katika hali hiyo, kwani uchafu utakaopita utakwenda kunasa mahali pabaya zaidi.

Bukoba na mwambao wote wa Muleba una jambo lake ambalo vitabu vinavyokuja na mashine hizi havilitaji. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji makundi kwa makundi, wakaonekana kwa mbali kama nguzo za moshi. Mabuu yao huishi majini na katika tope la chini ya ziwa, na wanapopevuka hupanda wote kwa pamoja. Watafiti waliofanya kazi upande wa Uganda katika miaka ya 1950 walionyesha kwamba baadhi ya aina zao huibuka kwa wingi siku zilizo karibu na mwezi mwandamo. Wadudu hao hawaumi, na katika baadhi ya fukwe za ziwa hili, Uganda na Kenya, watu huwakusanya na kuwatengeneza chakula. Lakini hupenda taa. Upepo ukiwaleta nchi kavu usiku, hujazana penye mwanga, huingia ndani kupitia kila upenyo, na kiyoyozi kinachovuta hewa ya chumba huwavuta pamoja nayo. Miili yao laini hugandamana kwenye chujio kama blanketi. Wale wadogo zaidi hupenya hadi kwenye mabomba yenye unyevu, wakaoza humo, na ndipo chumba hupata harufu ambayo hakuna uvumba unaoweza kuifukuza.

Kwa hiyo nyumba zilizo karibu na ufukwe zisiweke taa ya nje juu ya kiyoyozi au jirani na sehemu yake ya nje. Kuihamisha taa hiyo hatua chache ni kazi ya saa moja. Ni ajabu jinsi taa na mashine zinavyofungwa ukuta mmoja, kwa sababu tu waya ulikuwa karibu.

Mbali na ziwa adui ni vumbi. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, barabara zisizo na lami hutoa vumbi jekundu na laini linaloingia hata pale mchanga usipoweza kuingia. Nyumba zilizo karibu na mashine za kukoboa kahawa hupata pia vumbi la makumbi. Chujio likichanganya vumbi hilo na unyevu wa masika huwa kama ukuta uliopigwa lipu.

Kusafisha ni jambo jepesi. Umeme uzimwe kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti pekee. Chujio likung'utwe, lioshwe kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo isiyo kali, kisha likaushwe kivulini. Maji ya moto, jua kali na moto wa jiko hulikunja, na chujio lililokunjika halikai tena sawasawa mahali pake. Lirudishwe likiwa kavu kabisa. Katika majira ya vumbi na katika siku za wadudu kazi hiyo ifanywe kila baada ya wiki mbili, na katika majira mengine mara moja kwa mwezi hutosha.

Barafu isiyotarajiwa

Chujio likiwa safi na hewa ikaendelea kuwa hafifu, kifuniko kifunguliwe na mabomba yatazamwe kwa tochi. Pengine patakutwa barafu. Wengi hushangaa, na wengine hufurahi, wakidhani kwamba barafu ni dalili ya mashine yenye nguvu. Kinyume chake, barafu huziba nafasi zilizo baina ya vibati, na feni hubaki ikisukuma hewa kwenye ukuta wa theluji. Jioni kiyoyozi hupuliza vizuri, usiku wa manane hewa hufifia, asubuhi maji hutiririka ukutani. Mtu aliyeona mambo hayo matatu kwa mfuatano huo hana haja ya kutafuta zaidi, ni barafu.

Barafu husababishwa na mambo kadhaa, nayo hayalingani kwa gharama. Chujio chafu ni moja: hewa kidogo ikipita, mabomba hayapati joto la kutosha, na unyevu hugeuka barafu juu yake. Upungufu wa gesi ni jingine, kwa kuwa mgandamizo ukishuka, bomba hupoa kupita kiasi. Hivyo fundi anayeona barafu na papo hapo akatamka kwamba gesi imekwisha, ametamka kabla ya kuchunguza.

Lipo jambo la tatu ambalo linaihusu Bukoba kuliko miji ya pwani. Usiku joto la nje hushuka hadi karibu nyuzi 17 za Sentigredi. Mashine nyingi za nyumbani, khasa zile za namna ya zamani, zimetengenezwa kupoza chumba wakati nje kuna joto. Nje kukiwa na baridi na rimoti ikawekwa nyuzi 16, mgandamizo wa gesi hushuka, mabomba ya ndani hupita chini ya sifuri, na barafu huota katika mashine isiyo na kasoro yoyote. Tiba yake haihitaji fundi wala fedha. Rimoti ipandishwe hadi nyuzi 24 au 25, au mashine izimwe usiku na dirisha lenye wavu lifunguliwe. Katika hali ya hewa ya Bukoba, dirisha hilo mara nyingi hufanya kazi bora kuliko mashine.

Barafu iliyokwisha kuota isikwanguliwe kwa kisu wala bisibisi, kwani bomba ni jembamba, na tundu moja litamaliza gesi yote. Upozaji uzimwe, feni pekee iachwe ikizunguka kwa saa kadhaa hadi barafu iyeyuke yote, na chombo cha kukingia maji kiwekwe chini. Kisha chujio lisafishwe na mashine ijaribiwe mchana, wakati wa joto. Barafu isiporudi, shauri limekwisha. Ikirudi hali chujio ni safi, feni inazunguka vizuri na nje kuna joto, hapo ndipo pana sababu ya kushuku gesi.

Mashine nzima, shaka tupu

Si kila hewa hafifu ni kasoro. Rimoti nyingi zina alama ya tone la maji, ambayo maana yake ni kukausha hewa. Katika hali hiyo feni hupunguzwa mwendo kwa makusudi, na haiongezeki hata kitufe cha feni kikibonyezwa. Kwa kuwa wakaazi wa kando ya ziwa huitumia sana hali hiyo wakati wa mvua, na kwa kuwa watoto hubonyeza kila kitufe, rimoti itazamwe kabla ya simu kupigwa. Hali kadhalika mashine za kisasa zinazojirekebisha zenyewe hupunguza kasi chumba kikifikia ubaridi ulioagizwa.

Kimo cha nchi nacho kina sehemu yake. Katika usawa wa Bukoba hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Feni husukuma ujazo ule ule, ila uzito wa hewa inayobebwa ni pungufu, na uwezo wa kupoza hupungua kidogo. Mtu aliyehamisha kiyoyozi chake kutoka Dar es Salaam asishangae kuona tofauti ndogo, wala asiilipie.

Umeme mdogo ni sababu nyingine isiyotokana na mashine. Kwa miaka mingi Bukoba na Muleba zilipata umeme kutoka Uganda kupitia Masaka, na wenyeji wanazijua jioni ambazo taa hufifia. Taa zikififia, feni za aina nyingi nazo hulegea. Hewa ikiwa hafifu jioni tu, na ikarudi nguvu usiku wa manane watu wanapolala, sababu ni umeme. Kompresa inayolazimishwa kufanya kazi kwa umeme mdogo huungua, kwa hiyo ni heri izimwe kwa saa hizo au ifungiwe kifaa cha kusawazisha umeme.

Baada ya kuyapitia hayo yote, inabakia feni yenyewe. Ile feni ndefu ya ndani ina mapanga mengi madogo yaliyopinda, na kila panga hukamata hewa kwa upindo wake. Ukungu mweusi na vumbi vikijaza upindo huo, feni huzunguka kwa kasi ile ile, kelele ikawa ile ile, na hewa isisogee. Hii ndiyo sababu inayosahauliwa kuliko zote, nayo hupatikana sana penye unyevu. Wahenga wa nchi hii waliielewa vyema kanuni yake. Wahaya walifua chuma kwa karne nyingi, na uchunguzi wa wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulieleza jinsi tanuru zao zilivyopelekewa hewa kwa mivukuto kupitia mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya moto, hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye makaa. Mvukuto ungekuwa mzuri kiasi gani, bomba likiziba kwa takataka za chuma, kazi ililala.

Kusafisha feni hiyo ni kazi ya fundi, kwa kuwa inapasa kukinga sehemu za umeme zisiingie maji. Mwenye nyumba asipulizie maji ndani ya mashine. Aidha asiguse kifaa kidogo kama kopo kiitwacho kapasita, ambacho huisaidia mota ya feni au kompresa kuanza kuzunguka. Kapasita ikichoka, feni huzunguka kwa uvivu au hukataa kuanza. Lakini huweza kubaki na umeme ndani yake hata baada ya swichi kuzimwa, na umeme huo hupiga.

Chumba kilichofungwa

Lipo jambo ambalo ni zito kuliko usumbufu wa joto. Watu wengi huamini kwamba kiyoyozi huleta hewa safi kutoka nje. Kiyoyozi cha kawaida cha sehemu mbili hakileti hewa kutoka nje hata chembe. Huzungusha hewa ile ile iliyomo chumbani, na bomba linalokwenda nje limebeba gesi tu. Kwa hiyo familia inayojifungia chumbani na kuwasha kiyoyozi huvuta hewa iliyokwisha kuvutwa, na mwenye kikohozi humgawia kila aliyemo.

Hatari kubwa zaidi hutokea umeme unapokatika. Jenereta ikiwekwa verandani au chini ya dirisha ili iendeshe kiyoyozi, moshi wake huingia kupitia nafasi za mlango, na kiyoyozi huusambaza chumba kizima. Vivyo hivyo jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa mvua. Moshi huo una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunusika, na anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na usingizi, kisha haamki. Mtu aliyelala hatambui. Jenereta iwekwe nje kabisa, mbali na madirisha na milango, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu yoyote. Akionekana mtu mwenye dalili hizo, atolewe nje kwenye upepo kwanza, kisha apelekwe hospitali bila ya kukawia.

Gesi na fundi

Ikithibitika kwamba gesi imepungua, jambo la kudaiwa kwa fundi ni kutafuta mahali inapovuja na kupaziba kabla ya kuongeza. Viungio vya mabomba ndivyo vya kutazamwa kwanza, kwa povu la sabuni. Nyumba ambazo kuta zake zilipata nyufa katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, zitazamwe pia mahali bomba linapopita ukutani, kama kiyoyozi kilikuwapo wakati huo. Gesi iliyoongezwa juu ya tundu lililo wazi itakwenda ilikokwenda ya kwanza, na gesi iliyozidishwa huidhuru kompresa.

Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha sehemu ya nje, na haifai kuchanganya aina mbili. Mashine nyingi za zamani hutumia R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Tanzania iliingia katika Itifaki ya Montreal mwaka 1993, na chini ya itifaki hiyo nchi zinazoendelea zimepangiwa kuondoa R-22 ifikapo mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Gesi zilizochukua nafasi yake nazo zimewekewa ukomo na Marekebisho yaliyopitishwa Kigali, jirani na Kagera, mwezi Oktoba 2016, kwa kuwa nyingi huongeza joto la dunia. Gesi haifai kuachiliwa hewani wakati wa matengenezo, na fundi mwenye vifaa huikusanya katika mtungi. Baadhi ya aina mpya, kama R-32 na R-290, hushika moto. Fundi asivute sigara wala asiunguze bomba lenye gesi hiyo, na wenye nyumba wana haki ya kumzuia.

Kabla ya fundi kuondoka, mashine iwashwe kwa robo saa na kipimajoto kiwekwe mahali hewa inapoingia, kisha mahali inapotoka. Mashine nzima, chujio likiwa safi, kwa kawaida huonyesha tofauti ya nyuzi 8 hadi 12. Tarehe, aina ya gesi na uzito wa gesi iliyotiwa viandikwe kwenye karatasi ibandikwe kando ya sehemu ya nje, mahali pasipopigwa na mvua, ili fundi atakayekuja baadaye aikute.